Mimea 40 na hakuna hata mmoja unaokumbukwa: mmea wa porini kwenye gemu ufanye kazi gani?

"Habari mtaalamu. Mimi na mwenzangu tunatengeneza gemu ya koloni, ile aina ya kwamba una watu wachache wameachwa porini unawapangia kazi, wanalima, wanajenga, wanaumwa, wengine wanakufa. Mimi ndo nimepewa upande wa mimea ya porini. Mpaka sasa ninayo 40, kuna ya matunda, ya dawa, ya kamba, ya sumu, na yote nimeichora mwenyewe. Tatizo ni kwamba tumewapa watu wanne wajaribu, wote wamesema mimea ni mizuri lakini hakuna aliyekumbuka jina la hata mmoja. Mmoja akaniambia 'nachuma kila kitu naweka stoo basi'. Ile ya sumu ndo iliwaudhi kabisa, wanasema mtu wao kafa tu bila kujua kisa. Naomba mawazo ya mimea mipya, ikiwezekana ya kushangaza sana, na uniambie kama nifuate mimea ya kweli au nitunge ya kwangu. Pia ramani ikijaa mimea kompyuta inaanza kukwama, sijui nifanyeje."

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili na kabla ya yote nikutoe wasiwasi, kuchora mimea 40 kwa mkono wako sio kazi ndogo na haijapotea. Ila nakuomba kitu kimoja, wa 41 usiuchore kwanza.

Nilivyokuelewa unahisi mawazo yamekuishia, na kwamba ukipata mmea wa ajabu zaidi watu watashtuka na hawatausahau. Mi naona kingine. Rudia ile kauli ya mchezaji wako, "nachuma kila kitu naweka stoo basi", yule kakupa jibu lote pale. Mimea yako yote 40 ina tabia moja tu, inakaa inasubiri mtu aje aichume, ikishachumwa inageuka namba kwenye stoo. Huu unaongeza shibe tano, ule nane, ule mwingine unatibu kidonda haraka kidogo, na mchezaji akishaona ni namba anaacha kuangalia mmea anaangalia namba. Hata uuwekee maua ya rangi saba haitasaidia.

Mmea wa kweli haumsubiri mtu. Mimi nimesomea botania na miaka ya karibuni nimekuwa nikikaa na watengeneza gemu wanaouliza maswali kama lako, na kitu ninachowaambia kila mara ni kwamba mmea hauwezi kukimbia kwa hiyo maisha yake yote ni mipango na mahusiano, nani anile na nani asinile, mbegu yangu iamke lini, jirani nimnyime vipi nafasi, moto ukija nifanyeje. Kwa hiyo kabla hujaandika mmea unatoa nini, andika unamtegemea nani, unamuumiza nani, na nini kitatokea mchezaji akiuacha hapo hapo ulipo kwa miaka mitatu. Kama jibu la hilo la mwisho ni "hakuna kinachotokea", huo sio mmea bado, ni chakula kilichosimama.

Angalia RimWorld, gemu ya koloni kama yako ambayo nina uhakika umeicheza. Ina kichaka cha ambrosia ambacho huwezi kukipanda, kinajitokeza chenyewe kwenye ramani kama tukio, tunda lake linawafurahisha watu wako na linaweza kuwafanya wawe teja. Hakuna ajabu yoyote kwenye mchoro wake lakini watu wanakikumbuka, kwa sababu siku kimeota unalazimika kuamua, nichume nigawe, niuze, au nikate kabisa kabla mtu hajazoea.

Sasa mawazo uliyoomba. Nitakupa machache na nitakaa nayo, sio kukumwagia mengine 40.

La kwanza ni mwanzi, na hili ndo ninalolipenda kuliko yote. Kule Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, kuna aina ya mwanzi inaitwa Melocanna baccifera. Kwa miaka na miaka ni mmea mwema kabisa, unajengea, unasukia, unakua haraka, msitu mzima umejaa. Halafu kila baada ya miaka kama 48 mianzi yote eneo zima inatoa maua kwa pamoja, inazaa matunda mengi kupita kiasi, kisha inakufa. Panya wanakuta karamu, wanazaliana bila kusimama, na matunda yakiisha lile jeshi lote la panya linahamia mashambani na kwenye maghala. Wenyeji wana jina la tukio hili, wanaliita mautam, na lile la 1958 hadi 1959 lilileta njaa kubwa, na hasira ya watu kwamba hawakusaidiwa vya kutosha ilichangia uasi ulioanza 1966. Lilirudi tena 2006 mpaka 2008 na safari hiyo serikali ilikuwa imejiandaa maana wazee walishasema litakuja.

Ona hicho kitu kinavyokaa kwenye gemu yako. Huhitaji miaka 48, weka mitano au sita ya ndani ya gemu. Mchezaji anaanza kwenye ramani yenye mianzi, anafurahi mbao za bure, anajenga koloni lote kwa mianzi. Mwaka wa nne kuna dalili, majani yanabadilika rangi kidogo, mzee mmoja kwenye koloni anasema neno. Mwaka wa tano maua. Hapo ana msimu mmoja wa kuamua, afyeke msitu mapema, ainue ghala kwenye nguzo, avune yale matunda kabla ya panya, au afuge wanyama wanaokula panya. Na baada ya hapo mwanzi wote umekufa, mbao za bure hakuna tena, na miti iliyokauka ndo kuni tayari kwa moto wa porini. Mmea mmoja umekupa uchumi, saa inayohesabu, maadui na hadithi ambayo mchezaji ataisimulia kwa wenzake.

La pili ni chakula kinachoshibisha lakini hakilishi. Mwaka 1860 kundi la wapelelezi liliondoka Melbourne kuikata Australia kwenda kaskazini, viongozi wakiwa Burke na Wills. Wakati wa kurudi mwaka 1861 walikwama Cooper Creek chakula kimeisha, wakaanza kula nardoo, mmea jamii ya jimbi unaoota sehemu zenye maji, vijibegu vyake vinasagwa unga. Wenyeji wa pale, Wayandruwandha, walikuwa wanaula siku zote na wako wazima. Wale wageni waliusaga wakala kwa wingi, matumbo yamejaa, na bado walizidi kukonda na kukosa nguvu miguuni mpaka Burke na Wills wakafa. Nardoo ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na watafiti wanaona wale wageni waliruka hatua za maandalizi ambazo wenyeji walizifuata. Mwenzao mmoja, John King, alipona kwa sababu wenyeji walimchukua wakaishi naye.

Hapo tatizo lako la sumu limepata dawa, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu nadhani ndo sehemu iliyokuumiza zaidi. Wachezaji hawachukii sumu, wanachukia kufa bila kisa, na ndicho walichokwambia wenyewe. Sumu ya kwenye mimea mara nyingi sio swichi ya kufa na kupona, ni suala la kiasi, sehemu gani ya mmea, na umeuandaaje. Muhogo mchungu una vitu vinavyotoa sumu ya sianidi, ukilowekwa na kukaushwa vizuri unalika, ukiharakishwa wakati wa njaa mtu anaweza kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na hauponi. Kwa hiyo kwenye gemu sumu isiwe bahati nasibu, iwe ni haraka ya mchezaji mwenyewe. Njaa imefika, kuloweka kunachukua siku tatu, una watu sita, unafanyaje? Ukiwapa kabla ya siku tatu unajua unachokifanya. Na dalili zije taratibu, anatembea polepole, anaangusha vitu, anaandikwa "miguu mizito" kwenye hali yake, mchezaji anapata muda wa kuunganisha mwenyewe kwamba ahaa, ni ule unga. Hata mnanaha (Datura), ambao ni sumu hasa, mara nyingi unaanza kwa kumvuruga mtu akili. Mwaka 1676 kule Jamestown, Virginia, askari walikula majani yake kama mboga wakawa kama vichaa kwa siku 11, na baadaye hawakukumbuka kitu. Mtu wa koloni aliyechanganyikiwa siku kadhaa ana hadithi kubwa kuliko aliyedondoka akafa jikoni.

Na maarifa yenyewe yawe kitu ndani ya gemu. Mgeni aliyezaliwa ukanda ule anajua kuandaa nardoo yako, watu wako hawajui, utampokea au utamfukuza?

La tatu, upupu. Naona watu wanauacha kwa sababu wanaujua kama mchezo wa watoto shuleni, lakini kama ningeruhusiwa mmea mmoja tu kwenye gemu yako ukiacha mwanzi ningeupigania huu. Vinyweleo vya ganda lake vina kimeng'enya kinaitwa mukunaini pamoja na serotonini, ndo maana unawasha vile. Lakini ni jamii ya kunde, unarutubisha udongo kwa kuvuta naitrojeni ya hewani, unatambaa haraka na kufunika magugu mengine, na mbegu zake zina L-dopa, kitu kile kile kinachotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ambacho hicho hicho kinafanya mbegu zisilike bila kuchemshwa sana. Yaani shamba lililochoka, mgonjwa anayetetemeka, uzio dhidi ya wavamizi, na mvunaji aliyelala macho usiku kucha akijikuna, vyote ni mmea mmoja na mchezaji ndo anachagua leo auone upande upi.

La nne linahusu wanyama, na linawapindua watu mawazo. Kuna mgunga mdogo wa savana wenye miba iliyovimba kama vibuyu, ndani yake wanaishi sisimizi, mti unawapa nyumba na utamu, wao wanawang'ata tembo na twiga wanaokuja kula. Watafiti huko Kenya walizungushia migunga uzio wa umeme kwa miaka 10 wanyama wakubwa wasiingie, matokeo yakatoka mwaka 2008. Ungetegemea miti istawi, si ndiyo? Ilipunguza vibuyu na utamu kwa sababu walinzi hawahitajiki tena, sisimizi wazuri wakapungua, wakaingia wengine wasiolinda, wadudu wanaotoboa shina wakajaa, na miti ikawa inakua taratibu na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa na tembo. Weka hii kwenye gemu kama ilivyo, usiielezee popote. Kila mchezaji wa gemu za koloni kitu cha kwanza anachojenga ni ukuta, sasa mpe mti wenye thamani unaokufa kwa sababu ya ukuta.

La tano ni adui wa shambani, kiduha (Striga), gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Mbegu zake ni vumbi tupu, mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Zinaamka pale tu zinaponusa kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi au mtama. Mwaka 1966 kemikali ya namna hiyo ilipatikana mara ya kwanza, na cha ajabu ilitolewa kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi hata kuunyonya. Ikachukua mpaka 2005 kujulikana kwamba mazao yanatoa kemikali hizo kuita fangasi rafiki wanaoyasaidia kupata virutubisho, kiduha kinadukua tu mawasiliano. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba ukipanda zao lile lile kila msimu kwenye kiraka kile kile unajenga deni ardhini usiloliona, na dawa mojawapo ni kupanda pamba ili mbegu ziamke, zikose wa kumnyonya, zife. Kupokezana mazao kwenye gemu nyingi ni asilimia fulani ya rutuba ambayo hakuna anayeisoma, hapa kunakuwa na sura na sababu.

Mengine nitayapitia haraka. Mimea ya moto, kuna misonobari ambayo koni zake zimefungwa kwa utomvu na zinafunguka moto ukipita, na kuna mbegu zinazoamshwa na kemikali za moshi zilizotambuliwa mwaka 2004, hivyo baada ya kila moto mbaya ramani iote kitu ambacho vinginevyo hakipatikani. Mimea inayosema kilichopo chini, Katanga huko Kongo kuna ua linaitwa Haumaniastrum katangense linaloota penye shaba nyingi hata kwenye mabaki ya tanuru za kale, na nchi za baridi lile jani la kuwasha la Urtica linapenda sehemu walipowahi kuishi watu maana udongo wake umejaa fosfati. Mchezaji makini ataanza kusoma ramani kwa macho badala ya kusubiri mashine ya kupima madini, na hiyo raha hailinganishwi.

Umeuliza pia kuhusu kweli na kutunga. Kuna dhana kwamba mimea ya kweli inaboa na ya kutunga ndo ina uhuru, nimeisikia sana, na kiukweli ninavyoona ni kinyume, watu wakitunga kutoka hewani karibu wote wanaishia kwenye ua linalong'aa na ua linalong'ata. Ushauri wangu ni uchukue tabia ya kweli halafu ubadilishe kitu kimoja tu. Mwanzi unaotoa maua kila baada ya miaka kadhaa, lakini kwako unahesabu vifo vya watu badala ya miaka. Mgunga wenye sisimizi, lakini kwako sisimizi wanamkubali mtu mmoja tu wa koloni. Ukibadilisha kimoja mchezaji bado anaweza kubashiri, ukibadilisha vyote anabaki anakariri. Kama gemu yako inatokea dunia halisi na unatumia jina halisi basi usidanganye tabia, hasa dawa na sumu, kwa sababu kuna mtu atacheza na ataamini. Ukitaka uhuru wa kubadilisha, badili na jina. Gharama ya njia hii nisikufiche, inachukua muda mrefu kuliko kujaza namba, na mimea ya namba unaihitaji michache pia, majani ya kawaida, matunda ya kawaida, ili ile mingine ionekane. Kwa gemu ya watu wawili mi ningebaki na mimea kama 12, minne au mitano yenye tabia nzito. Michoro mingine usiitupe, mingi inaweza kuwa hatua za mmea mmoja, mchanga, wenye maua, mgonjwa, mkavu, maana utahitaji sana dalili za kuonekana.

Kuhusu kompyuta kukwama, kama nimekuelewa kila mmea unajiuliza kila mzunguko "nimekua kiasi gani". Ukiwa na mimea elfu ishirini ni maswali elfu ishirini kwa kitu ambacho hakibadiliki haraka. Hifadhi tarehe ya kuota tu, umri upigwe hesabu pale mtu anapoutazama au kuuchuma. Mimea ilale na iamshwe na matukio, mvua, moto, mtu kupanda jirani, kama mbegu za kweli zinavyofanya. Zile zinazolazimika kukaguliwa zigawe mafungu, leo kona hii kesho ile. Na mbegu za kiduha usiziweke moja moja jamani, kila kiraka cha ardhi kiwe na namba moja ya "mbegu zilizolala" basi.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatayatatua. Kwanza tafuta mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako, kaa pembeni yake saa nzima acheze, funga mdomo, andika ni mmea gani alisimama kuutazama na wapi alipita tu. Kama hao wanne walikutumia maoni wakiwa mbali, jua kwamba watu wakiwa mbali wanakuwa wapole. Pili, ukifika kwenye mimea ya dawa ya eneo fulani nenda kaonane na mtu anayeijua, idara ya botania ya chuo kilicho karibu nawe, bustani ya mimea, mahali wanapohifadhi sampuli za mimea iliyokaushwa, mara nyingi wanafurahi mno mtu akibisha hodi na swali la namna hii. Na kama ni maarifa ya wazee wa jamii fulani, waombe ruhusa ana kwa ana na uwaambie yataonekanaje. Tatu, hili nalisema kwa uzito kabisa, usionje wala usimpe mtu aonje mmea wowote niliotaja ili kupata uhalisia, vinyweleo vya upupu pia usivichezee karibu na macho. Akitokea mtu amekula kitu asichokijua asisubiri dalili, aende hospitali na kipande cha ule mmea mkononi.

Anza na mwanzi. Uweke kwenye ramani peke yake, bila ile 40 yako, cheza mpaka mwaka wa sita, afu niandikie panya walifika wapi.